Tawi la Kufunga

Mume wangu Secondo alifariki Novemba, wiki tatu baada ya mavuno. Mvinyo wa zabibu zake za mwisho ulikuwa umelala kwenye pipa kubwa, na mvinyo wetu wa Barolo hauguswi kabla ya miaka mitatu. Pipa halikunitia hofu. Kilichowasumbua ndugu ni mizabibu yenyewe: nani ataipogoa?

Kwa miaka thelathini na moja Secondo alitangulia na mkasi, mimi nikamfuata na vifito laini vya mti wa mwerebi kiunoni, vya kufungia. Yeye anakata, mimi nafunga matawi kwenye waya. Hapa kijijini Serralunga ndivyo tulivyozoea, mkasi wa mwanamume, fundo la mwanamke. Miaka yote hiyo sikukata hata tawi moja.

Evasio, mume wa dada yake Secondo, alilijua hilo. Yeye ni wa upande wa Monferrato, analima zabibu za barbera, mtu mwema mwenye sauti kubwa. Baada ya misa ya siku ya thelathini alinishika mkono.

"Shemeji, Februari nitakuja kukupogolea. Halafu uniachie shamba nilikodi, wewe upumzike."

"Njoo kwanza," nikamwambia. "Hayo mengine tutaongea shambani."

Alikuja asubuhi ya baridi, theluji bado imeshika upande wa kivuli. Akakata kwa kasi, mimi nikiwa nimechelewa nyuma nikichambua vifito. Nilipofika kwenye mzabibu wa kwanza nikanyoosha mkono kushika tawi, mkono ukashika hewa. Wa pili, hivyo hivyo. Kila mzabibu alikuwa ameuachia vijiti vifupi vyenye macho ya kuchipua mawili mawili tu.

"Evasio, ngoja kwanza."

"Umechoka tayari?"

"Sasa mimi nifunge nini?"

Akacheka. "Si ndiyo raha yake! Hakuna kufunga. Mizabibu hii ni mizee kama mimi, ipunguzie mzigo. Barbera yangu naikata hivi hivi, na inazaa mpaka nguzo zinalia."

Kutoka shamba la jirani, Pinin, ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, akapaza sauti: "Wee Evasio! Unapogoa au unanyoa kondoo?"

"Kata ya kwako, achana na mimi!"

Mimi nilikuwa natazama mkono wangu. Ulilijua tawi la Secondo: kutoka begani hadi ncha za vidole, na kidogo zaidi. Macho tisa, pengine kumi. Matawi hayo nimeyapinda juu ya waya maelfu kwa maelfu, na kila Juni nikaona vichala vinapoanzia. Karibu na shina, zabibu zetu za nebbiolo hutoa majani matupu. Hakuna aliyenifundisha.

"Nipe mkasi."

"Shemeji, hujawahi kukata."

"Lakini nimefunga. Barbera yako inazaa kwenye macho ya chini, hii haizai. Kwa ulivyokata, Oktoba tutavuna majani."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea, shamba lichukue. Ila mizabibu hii kumi na mmoja uliyokwisha kuinyoa tuiache ilivyo. Itatuamulia."

"Mpe mkasi mama wa watu!" Pinin akapiga kelele.

Akanipa. Safu ya kwanza nilikwenda polepole. Safu ya pili nikaongeza mwendo. Nilikata na kufunga mwenyewe, siku kumi na tisa. Kila mwisho wa safu nilitazama mbele, pale Secondo alipokuwa akinisubiri huku amekaa juu ya jiwe, nikaliona jiwe tu, nikaendelea.

Juni Evasio akarudi na soseji ya salami kwapani. Tukaenda moja kwa moja kwenye ile kumi na mmoja. Ilikuwa imependeza, mibichi, imejaa majani. Alichuchumaa akafunua majani ya mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyepoteza ufunguo. Hakupata kichala hata kimoja. Kuanzia mzabibu wa kumi na mbili, vichala vilining'inia waya mzima.

Alivua kofia, akajikuna.

"Februari ijayo nije?"

"Uje. Mwerebi ule pale, Secondo aliupanda mwenyewe. Ukate vifito asubuhi, vikiwa bado laini. Fundo nitakufundisha."