Picha ya Sahani ya Shangazi

Pelagia hakuwa mtu wa kushindwa kwa maneno. Kwenye steshenari yake pale Nyasho, Musoma, watu walifuata ulimi wake kuliko fotokopi. Umefukuzwa kazi, mume kakukimbia, njoo Pelagia akuchapie barua, na atakayeisoma lazima akune kichwa. Basi alipokuta kwenye grupu la Wasapu la ukoo wameandika kwamba shangazi yake, Wegesa, ni mchawi, alisema moyoni: hawa nitawanyoosha.

Chanzo ni msiba. Krismasi iliyopita Anastazia, binti wa kaka yake Pelagia, Baltazar wa Nyasura kule Bunda, alikwenda Mugango kumsalimia bibi yake huyo, Wegesa, akala kwake. Siku ya tatu tumbo likamkata. Hospitali wakasema kidole tumbo kimepasuka, mmechelewa kumleta. Mtoto akafa. Miaka kumi na sita tu, jamani. Hata arobaini haijafika, grupu lilikuwa limeshahukumu: ni kile chakula. Tangu hapo hakuna ndugu aliyekanyaga Mugango, na majirani wakaacha hata kunywa maji kwenye kikombe cha yule mama.

Pelagia akaingia vitani. Asubuhi kabla hajawasha kompyuta ameshatuma mistari ishirini. Akatuma maelezo ya daktari, akatuma Biblia, akatuma sauti ya dakika saba nzima mpaka Hilda wa Butiama akaandika, "Dada, bando zetu." Waliojitoa akawarudisha. Wiki sita! Na katika wiki sita hizo, Mugango, mwendo wa saa moja tu kwa gari, hakwenda hata mara moja. Angeenda saa ngapi? Alikuwa na kazi ya kumtetea shangazi.

Baltazar alikuwa hajaandika neno tangu mazishi. Mwisho wa wiki hizo akaandika: "Dada, mimi nimezika mtoto. Wewe una maneno mengi. Nenda ukale kwake, tuma picha. Nikiiona nitaamini."

"Kesho," akajibu Pelagia. Alifurahi, maana hapo sasa aliona ushindi.

Shangazi Wegesa alipomwona anaingia uani alishika mdomo kwa mikono miwili. "Wee! Pelagia? Nilikuwaga nasema sitakula tena na mtu mpaka nife!" Akatoka mwenyewe mbiombio hadi mwaloni kwa wavuvi, akarudi na sato wawili wabichi. Akawapika huku anaongea bila kupumua, anacheka, anauliza habari za watu ambao hawamsalimii tena. Akasonga ugali wa muhogo, akamnawisha mgeni wake mikono, akasali sala ndefu.

Pelagia akamega tonge, akalichovya, akalisogeza karibu na mdomo, na kwa mkono wa kushoto akainua simu apige picha. Akapiga. Akapiga tena, kwa sababu ya kwanza ilikuwa na kivuli. Akatuma. Halafu akaliweka tonge pembeni mwa sahani, asome kwanza majibu.

Yakaja haraka. Hilda: "Mungu atusamehe. Jumapili tunakuja wote." Baltazar: "Nimeona dada. Naomba shangazi anisamehe." Wiki sita za kubishana, na leo ameshinda! Pelagia akainua uso amwambie shangazi.

Shangazi alikuwa hana habari na simu. Alikuwa analiangalia tonge.

"Mbona huli, mwanangu?"

"Nakula, Shangazi." Akalishika. Aibu gani hii! Kichwani alimwona Anastazia amejikunja kitandani, ameshika tumbo. Yote aliyoyaandika aliyaamini, naapa aliyaamini, lakini mkono haukupanda. "Ni kwamba... nilikunywa chai nzito kabla sijatoka."

Shangazi alinyoosha mkono, akamega ugali upande wa Pelagia, akachovya kwenye mchuzi upande huo huo wa Pelagia, akala. Akatafuna taratibu, akameza, kisha akafungua mdomo kidogo, ionekane kwamba ameshameza. Hivyo ndivyo anavyoonjewa mpita njia asiyekujua, ili atoe wasiwasi. Mtoto wa nyumbani haonjewi. Pelagia tangu azaliwe hakuwahi kuonjewa chakula katika nyumba ile.

"Haya, nimeonja," shangazi akasema kwa upole. "Kula sasa."

Pelagia akala. Alikula yote, mpaka kichwa cha samaki akakinyonya, machozi yanadondokea kwenye mchuzi. Pembeni simu ilikuwa inalia tu.

"Wanasemaje?" shangazi akauliza.

"Wanasema wamekuamini, Shangazi. Jumapili wanakuja kula."

"Mungu ni mwema." Mama yule akainuka, akaanza kukusanya vyombo. "Basi na Jumapili nitawaonjea."