Papa Wanaotazama Murungu

Belo lilifunguliwa siku ya gulio, umande haujakauka kwenye mabanda ya mitumba ya Kasulu. Maximilla alikata mikanda kwa kisu cha kumenyea muhogo, mumewe Venanti akilishikilia lisiporomoke. Ndani zilikuwa fulana tupu, zote za aina moja: papa mweusi, meno nje, na maandishi mekundu ya Kizungu.

Athuman, muuza viatu wa meza ya jirani, ambaye zamani alikuwa na banda la video, aliwaeleza kuwa huyo ni papa wa filamu ya kutisha iliyochezwa tangu yeye hajazaliwa. Huko Ulaya bado wanamchapa kwenye vikombe, taulo na soksi za watoto.

"Yeye alikula watu kwa saa mbili tu," alisema. "Watu wanakula kwa jina lake mpaka leo."

Kwa wauza mitumba wa hapo, nguo ya kwanza kutoka kwenye belo haiuzwi. Hupewa mke mwenye nyumba, naye huivaa siku hiyo hiyo ili mzigo utoke. Maximilla alikuwa akivaa nguo za kwanza tangu waoane, hata lile koti la theluji alilivaa kutwa nzima kwenye jua bila kulalamika. Safari hii Venanti aliichomoa fulana ya kwanza, akaikunja vizuri, akaitia kwenye begi lake. Alisema ina doa. Kesho yake akaenda Kibondo kutafuta maharage.

Jioni hiyo papa wote waligeuka, wakatazama kaskazini. Maximilla alizigeuza fulana, akazitundika chini juu, akazikunja na kuzikunjua. Papa walijizungusha polepole ndani ya kitambaa, wakatulia pua zikiwa upande ule ule. Wateja hawakuona shida. Madereva wa bodaboda walizinunua kwa wingi, kwa sababu kwenye ukungu ilikuwa rahisi mtu kuinamia kifua chake akajua njia. Mzee mmoja wa Heru Juu ndiye aliyekataa, akisema kama ni samaki, yeye angependa mgebuka.

"Wanamtafuta mwenzao," alisema Athuman.

"Yupi?"

"Wa kwanza, shemeji. Si wewe hukumvaa?"

Wivu ulimshika Maximilla hapo hapo, akiwa na hanga mkononi. Wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Yeye hakukonda. Alikula ugali wake na ule aliomwekea Venanti, na kulipokucha akavaa fulana moja, akapanda basi la Kibondo.

Pale stendi papa aligeuza pua kuelekea Murungu. Maximilla alimwambia dereva wa bodaboda amfuate yule samaki. Dereva alimtazama samaki, akawasha pikipiki.

Pua ilitulia mbele ya nyumba yenye bati jipya. Maximilla aliliangalia bati lile kwa muda mrefu. Kwake Kasulu paa lilikuwa linavuja, na Venanti alikuwa akisema bati zimepanda bei.

Uani alikuwapo mwanamke akimenya muhogo, amevaa fulana ya kwanza. Haikuwa na doa. Mwanamke huyo, Therese, alimwona mgeni akapiga magoti, akapiga makofi taratibu kama Waha wanavyosalimia. Maximilla alikuwa amebeba matusi ya kutosha tangu Kasulu, lakini salamu haikatishwi. Naye akapiga magoti, wakaulizana habari za watoto, za mvua, za mihogo.

"Na mzee hajambo?" aliuliza Therese.

"Wewe ndiye uliyelala naye. Nieleze wewe."

"Hajambo. Amekwenda kuangalia maharage."

"Mwakeye," alisalimia Maximilla kwa Kiha, kwa kuwa salamu ilikuwa bado haijaisha. Ilipoisha, akasema, "Hiyo fulana ni yangu, mdogo wangu."

Therese hakubisha. Aliingia ndani, akatoka amejifunga kanga, akamkabidhi fulana ikiwa bado na joto la mwili.

"Chukua, dada. Mimi sikuiomba. Alinivalisha mwenyewe."

Neno hilo lilimuuma Maximilla kuliko bati.

Alirudi Kasulu na fulana yake, na asubuhi akaitundika mbele kabisa ya meza ili papa wengine waione watulie. Hawakuiangalia. Yenyewe ilining'inia kidogo, kisha papa wake akajizungusha polepole, pua ikaelekea Murungu kama wengine.

"Kumbe hawakuwa wanaitafuta fulana," alisema Athuman, akaendelea kupiga kiatu rangi.

Mzigo ulitoka wote. Venanti alirudi na maharage, akamkuta mkewe amevaa fulana ya kwanza, akauliza kuna mboga gani. Maximilla alitenga chakula, akaketi mkabala naye. Venanti alikula huku akisifu maharage ya Kibondo, na kifuani mwa mkewe papa alitazama Murungu. Maximilla alimwongezea mboga.