Mito ya Mahameli

Jumanne asubuhi, Julai 1979. Huseni alivua hedifoni, na vipande vyeusi vya ngozi vikabaki vimemganda kwenye sikio la kushoto.

"Baba, sikio linabambuka," Mishi alimwambia.

Halikubambuka sikio bali mto wa hedifoni. Hedifoni hizo za Kijapani aliuziwa na daktari mmoja aliyekuwa akirudi kwao, na tangu hapo alizitumia katika duka lake la kutengeneza redio, Majengo, mjini Nyeri. Ndani yake hamkuwa na koni ya karatasi kama ya spika za kawaida. Kulikuwa na utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu, umetandazwa kati ya sumaku, na uso wake wote hutikisika kwa pamoja. Huseni alisema ndicho chombo pekee alichowahi kukutana nacho ambacho hakikuongeza neno lake mwenyewe. Lakini utando wa aina hiyo hutegemea sana mto unaokaa kati yake na sikio. Mto ukipasuka, sauti nzito huvuja. Ukibana mno, sauti nzito hujaa na kufunika nyingine zote. Mito yake ilikuwa imepasuka, na ilikuwa imepasuka katika wiki mbaya.

Juzi yake dereva wa lori la chai alikuwa amemletea kaseti kutoka Kangema. Ilitoka kwa Ali Ngatia, fundi wa mashine katika kiwanda cha chai, Mgikuyu aliyesilimu miaka michache nyuma. Alitaka kumwoa Mishi. Huseni ndiye aliyemwambia atume sauti, kwa kuwa barua ya posa mtu anaweza kuandikiwa na rafiki mwenye maneno, lakini sauti haiazimwi.

Ngatia alikuwa amerekodi kiwandani, mashine zikinguruma nyuma yake. Maneno yote yalieleweka isipokuwa moja. Alisema: "Mzee, nisubiri kidogo. Nikipata maha…i, nitakuja mara moja kumchukua Mishi." Katikati ya neno hilo ngurumo ilipanda.

Kama alisema mahari, alikuwa anafuata njia inayojulikana. Kama alisema mahali, basi alikuwa anatafuta chumba cha kupanga, aje amchukue binti wa watu kama mzigo uliosahaulika stesheni. Dereva angepita tena Ijumaa kuchukua jibu, na jibu lilikuwa ndiyo au hapana.

"Ni mahali," alisema Mwanabibi, dada mkubwa wa Huseni, ambaye aliisikiliza kaseti kwa spika siku ilipofika. "Masikio yangu ni ya miaka sitini na hayajawahi kutiwa betri."

"Mimi nimesikia mahari."

"Umesikia unachotaka."

Neno hilo lilimkaa Huseni vibaya, kwa sababu ndilo alilozoea kuwaambia wateja: mtu akitaka redio yake iwe nzima, ataisikia nzima.

"Si umuulize mwenyewe?" Mwanabibi alisema.

"Nimuulize nini? Baba akiuliza habari za mahari, ameomba. Mimi siombi."

Mishi alikuwa akidarizi kofia karibu na mlango, penye mwanga. Katika mambo kama hayo binti hutia sikio, hatii mdomo. Aliweka kofia chini, akauchukua mto uliopasuka na kuupima kwa uzi.

Mito ya kwanza aliishona kwa ngozi ya mbuzi, akaijaza sufi. Ilikuwa mizuri machoni na ilibana vizuri. Huseni aliivaa, akaichezesha kaseti, akasikia kiwanda kizima kikiingia kichwani mwake, na ndani ya kiwanda Ngatia akisema kama mtu aliyetumbukia kwenye tangi la maji.

"Imeziba mno," alisema. "Ngurumo haina pa kutokea."

Mishi akaitoboa ngozi kwa sindano, matundu madogo pande zote. Ngurumo ilipungua, lakini sufi ilikuwa imeinua mto hadi utando ukawa mbali na sikio, na sauti ya Ngatia ikawa kama ya mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Jumatano ilinyesha manyunyu ya baridi na mlima haukuonekana siku nzima. Jioni Mishi alileta mito mipya, myembamba, yenye sponji ndani na mahameli ya rangi ya damu ya mzee kwa nje. Huseni aliipapasa kwa kidole gumba, mbele na nyuma. Mahameli hayo aliyajua.

"Haya ni ya koti la marehemu mama yako."

"Ni upindo wa mkono tu, Baba. Koti lipo."

Huseni alizivaa hedifoni, na ilimchukua muda kabla ya kuwasha.

Mahameli hayazibi kama ngozi. Sauti nzito ilipenya katikati ya nyuzi zake na kupotea, na ile ya mtu ikabaki mbele. Sasa ikwalaiza ingeweza kufanya kazi yake. Alikuwa ameiunda mwenyewe, sanduku lenye vishikio vitano vya kusukuma juu na chini, kila kimoja na sehemu yake ya sauti. Aliteremsha cha kwanza, mahali pa ngurumo. Akateremsha cha pili nusu. Akapandisha cha nne kidogo kidogo, kwa sababu ndiko zinakosikika kazi za ulimi. Katika *l* ulimi hukaa na sauti hupita pembeni. Katika *r* hugonga mara moja na kuikata. Alichokitafuta kilikuwa mkato, wala si maana.

Alhamisi kabla ya adhuhuri aliupata. Alirudisha kaseti nyuma, akasikia tena, akabadilisha hedifoni kulia na kushoto ili asidanganywe na sikio moja, akasikia tena. Ulimi uligonga.

"Dada!" aliita. "Njoo. Ni *r*. Si mimi ninayesema, ni chombo."

Mwanabibi alikaa, akavalishwa hedifoni juu ya mtandio. Huseni akataka kumchezeshea lile neno.

"Hapana. Rudisha mwanzo. Mimi naanza mwanzo kama watu."

Alisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akazivua polepole na kuziweka mapajani.

"Huseni, umesikia salamu zake?"

"Salamu za nini?"

"Ati, 'Habari za reo, Mzee. Sisi tumerara vizuri, tunafanya kazi mpaka tunasahau chakura.'" Alimtazama. "Huyu kwenye kaseti hana *l* hata moja. Umeshinda siku tatu ukiwinda herufi ambayo mwenyewe hana."

Huseni akasema, "Hapa dukani anaisema. Nimemsikia. Lala, leo, yote."

"Akishikwa na woga inampotea, Shangazi," Mishi alisema.

Wote wawili wakamgeukia.

"Na wewe umejuaje?"

"Mimi ndiye niliyemfundisha. Alipokuwa akileta redio."

"Aa," Mwanabibi alisema. "Ile redio iliyokuwa ikiharibika kila Jumamosi."

Mishi akaikazia macho kofia yake. Huseni hakucheka. Ushahidi wake ulikuwa umekufa: mtu anayegeuza kila *l* kuwa *r* akisema mahari, hujui amesema lipi. Alinyoosha mkono kwenye ikwalaiza, aanze kurudisha vishikio mahali pake.

"Baba, usirudishe." Mishi alikuwa amesimama. "Nilipokuwa nikiijaribu mito jana, kabla ya salamu nilisikia kitu. Kama watu."

"Kabla ya salamu ni mashine tupu."

"Kwa ngozi ilikuwa mashine tupu."

Huseni akairudisha kaseti hadi mwanzo kabisa, akakishusha kishikio cha kwanza mpaka chini, akaongeza sauti kuliko alivyowahi kuiongeza, na kuibana mito ya mahameli masikioni kwa viganja vyote viwili. Ngurumo. Ngurumo. Chini yake, mbali na maikrofoni, mtu alikuwa akinong'ona.

"Mahali. Mahari. Mahali. Othmani, ebu niambie, ile ya kuoa ni gani?"

Sauti nyingine ikajibu, ya mtu aliyeudhika kidogo: "Nimekwambia. Ya kuoa ni mahari. Ya kulala ni mahali."

"Ya kuoa, mahari."

"Ndiyo."

"Na ya kurara?"

"Wacha ya kulala! Wewe unataka gani?"

"Nataka ya kuoa."

"Basi ni hiyo. Mahari. Tulia. Nawasha redio hii au imeshawaka?"

Kisha maikrofoni ikagongwa, na Ngatia akasema kwa sauti ya juu, habari za reo, Mzee.

Huseni aliisikiliza sehemu hiyo mara tatu bila kugusa kishikio chochote. Alipozivua hedifoni, nywele za mvi zilikuwa zimesimama pande zote mbili za kichwa, na hakuzilaza. Alimvalisha dada yake. Mwanabibi alisikiliza, akapiga paja, akasema, "Maskini wa Mungu," akazivua.

Zamu ya mwisho ilikuwa ya Mishi. Alizivaa kwa muda mrefu kuliko ushahidi ulivyohitaji. Baba yake alikwenda dirishani akawa anakagua waya ambao haukuwa na tatizo.

Ijumaa dereva wa lori alipita. Huseni alimpa kaseti ileile. Kwenye upande wa pili alikuwa amerekodi neno moja: "Njoo."

Jumapili, saa nne asubuhi, Ali Ngatia alisimama kwenye mlango wa nyumba na wazee wawili nyuma yake, amevaa koti lisilo lake. Midomo yake ilikuwa inatembea kabla hajabisha. Mwanabibi alifungua. Ngatia alimwamkia, akamwona Huseni, akavuta pumzi, akalitamka neno lake kwa uangalifu mkubwa, ulimi ukiwa umekaa pale Mishi alipomfundisha aukaze.

"Mzee, nimeleta mahali."

Mwanabibi alijifunika mdomo kwa leso. Nyuma ya pazia kitu kilianguka chini, na mtu akacheka kidogo. Huseni aliziondoa hedifoni kwenye kiti, akazitundika ukutani, mito ya mahameli ikitazama nje.

"Karibu ndani, mwanangu," alisema. "Kaa hapa."

Ngatia akakaa.