Maji ya Kupigia Deki

Mama yangu akiona maji yenye ukungu, hana raha mpaka ayashughulikie. Watoto wake tulisuguliwa masikio hadi yakawaka moto. Sasa mfikirie mtu huyo ndani ya maabara ambayo kazi yake ni kufuga bakteria!

Alikuja kunitembelea siku moja kabla ya mtihani wangu. Mimi nafuga ngisi wadogo, hata mkubwa wao hazidi kidole gumba. Tumboni wana taa, na taa yenyewe si yao: ni ya bakteria wanaoishi humo na kutoa mwanga. Mimi nawaita wapangaji. Ila mtoto wa ngisi huzaliwa bila mpangaji hata mmoja. Kila alfajiri wakubwa hutema majini karibu bakteria wao wote, na watoto huwapokea humo. Ukimnyima mtoto maji hayo, habari ya taa imekwisha.

Kesho yake alasiri watahini walikuwa waje kuona watoto wangu wakiwaka. Mayai ya mwisho ya msimu yalikuwa yameshaanguliwa. Wasipowaka, narudia mwaka mzima, na msimamizi wangu alishasema hana mwaka mwingine wa kunipa.

Maji ya alfajiri hiyo niliyakinga kwenye ndoo; ya kesho yake yangechelewa, maana wapangaji huchukua saa nyingi kabla ya kuanza kuwaka. Nikamwambia mama, "Kaa hapa kidogo, naenda kuazima viti."

Kaa! Nilimwambia nani? Niliporudi, meza inang'aa, vichupa vimepangwa kwa urefu, ndoo imesuuzwa na kufudikizwa ukutani.

"Mama! Maji yaliyokuwa kwenye ndoo?"

"Yale yenye utelezi? Mwanangu, yalikuwa yananuka."

"Umeniua, mama! Nani alikwambia uguse? Lazima kila kitu ukiguse?"

Nilifoka mpaka mwenzangu wa chumba cha pili, yule tunayemwita Bwana Darubini, akachungulia mlangoni. Mama alishika kitambaa chake kwa mikono miwili, akatazama chini. Sikuwa nimewahi kumwona mama yangu akitazama chini.

"Sikuyamwaga," alisema. "Mimi wa kumwaga maji? Yako kwenye beseni, pale koridoni. Nilisema yatafaa kupigia deki."

"Umetia sabuni?"

"Ndiyo nilikuwa naitafuta."

Jamani! Nilitoka mbio. Beseni lilikuwepo, tambara bado kavu ukingoni, maji yenye utelezi wake wote. Nikayabeba kwa mwendo wa bibi harusi, nikawamiminia watoto. Nilitamani kucheka, nilitamani kujificha. Nilipogeuka, mama alikuwa ameshatoka nje, eti asije akaharibu kitu kingine.

Jioni nilimwomba radhi. "Yameisha," alisema, kwa sauti ya mtu ambaye hayajamwishia.

Kesho yake watahini walikaa kwenye viti vya kuazima, nikazima taa. Nilimweka mtoto mmoja wa ngisi, mdogo kama punje ya mchele, ndani ya kipima mwanga. Mashine hiyo ikiona giza hunyamaza, ikiona mwanga hulia. Nikafunga kifuniko chake.

Kimya. Mtahini mzee akakohoa.

Tik.

Halafu tik, tik. Halafu ikalia mfululizo kama bisi kwenye sufuria, na mimi msomi mzima nikaruka juu nikisema, "Wameingia! Wameingia!" Msimamizi wangu alikuwa akicheka gizani, nilimsikia.

Nikafungua mlango. Mama alikuwa amesimama koridoni, mikono ameiweka nyuma.

"Ingia, mama."

"Siingii. Nitagusa kitu."

Neno hilo lilinichoma. Nikamshika mkono mbele ya watahini wote, nikamvuta ndani. "Nisamehe, mama. Njoo uguse. Gusa chochote unachotaka."

Aliinama kwenye mashine, akatega sikio. "Hao wanaopiga kelele ndio wapangaji?"

"Ndio hao. Wangekuwa wamekufa kama ungekuwa mtu wa kumwaga maji."

Basi mama akapiga kigelegele, kirefu, humo humo maabara, mpaka mtahini mzee akaangusha kalamu yake sakafuni. Mama akaiokota, akaitazama, akaifuta vizuri kwa upindo wa gauni lake, ndipo akamrudishia.