Pembe za Mchana

Bwana Utamaduni alifika Litumbi siku ya Jumatatu, saa tatu na nusu asubuhi, mwezi wa Agosti mwaka 1999, akamkuta Auleria anapepeta mbaazi. Gari lilibaki chini kwa sababu barabara ya mlimani iliishia kwenye mkorosho wa mwisho. Kwa hiyo alipanda kwa miguu, shati limemlowa mgongoni, redio kaseti begani, na nyuma yake Mwalimu Jofrey wa shule ya msingi kabeba mfuko wa betri. Jina lake hasa lilikuwa Evodius, mtu wa Bukoba, ila huku kusini ofisa huitwa kwa kazi yake. Kulikuwa na Bwana Shamba, kulikuwa na Bwana Afya, na sasa alikuwapo Bwana Utamaduni.

Alieleza shida yake vizuri. Upo mradi wa kuhifadhi fasihi ya watu wa milimani kabla haijapotea. Ameuliza Nachingwea, ameuliza Ruangwa, Kiegei amefika na Mbwemkuru amefika, na kote anaambiwa aende Litumbi kwa Auleria, huyo ndiye mwenye ngano.

Ilikuwa kweli. Auleria alikuwa na ngano thelathini na tisa, zote za bibi yake mzaa mama, Makrina, ambaye naye alizipokea kwa bibi yake. Hakuna hata moja iliyokuwa imempotea. Waliopotea ni wasikilizaji. Vijana walikuwa Namungo wanachimba dhahabu, na siku wasipochimba wanatazama mpira. Wazee wenzake walibaki wanne, wawili kati yao hawasikii. Binti yake alikuwa amefariki akamwachia mjukuu, Prisca, wa darasa la kwanza, ambaye jioni alisinzia kabla ugali haujaiva. Mwaka mzima Auleria hakuwa amesimulia ngano hata moja, na jambo hilo lilimuuma kuliko magoti.

"Nitakusimulia," alisema. "Njoo jua likizama."

"Bibi, saa kumi gari linatakiwa liwe limerudi."

"Ngano hazisimuliwi mchana, mwanangu. Anayesimulia mchana anaota pembe."

Evodius alifurahi sana. Alitoa daftari, akaandika, akapiga mstari chini ya maneno hayo. "Hiyo nayo ni nzuri mno," alisema. "Itaingia kwenye sura ya imani. Haya bibi, tuanze na ngano ya kwanza."

Auleria alimtazama Mwalimu Jofrey. Mwalimu alikuwa amezaliwa ng'ambo ya bonde na mambo haya aliyajua tangu utotoni, lakini aliinamia betri zake, akawa anazianika juani zipate nguvu.

"Ukishazichukua utazifanya nini?" Auleria aliuliza.

"Kitabu, bibi. Kimwera ukurasa wa kushoto, Kiswahili ukurasa wa kulia. Kila shule ya milimani itapata boksi zima."

"Na jina la Makrina?"

"Mbele kabisa."

Auleria alipepeta ungo wa mwisho huku akifikiri. Kichwa alikuwa nacho kimoja na ngano thelathini na tisa, na mwakani huenda asiwepo. Makrina alimwachia hizo tu, shamba lilikwenda kwa wajomba. Akaweka ungo chini, akafunga kanga sawasawa, akaanza.

Evodius alirudi kila asubuhi mpaka Ijumaa, naye Auleria alisimulia ngano nane kwa siku, na Ijumaa saba. Alisimulia kwa Kimwera, kaseti ikizunguka, na Mwalimu Jofrey akigeuza kwa Kiswahili kwenye karatasi. Ngano ya mwanamke aliyeolewa na mlima ina wimbo ambao mwanamke anauimba kila akipanda kwa mumewe, nao ni mrefu kiasi cha sufuria ya mbaazi kuchemka. Mwalimu alipofika hapo alipumzisha mkono.

Jumatatu jioni kichwa cha Auleria kiliwasha. Jumanne vilitokea vinundu viwili juu ya paji la uso, vigumu kama punje za mahindi. Jumatano ngozi ilichanika bila damu nyingi. Alhamisi pembe zilikuwa na urefu wa kidole cha kati, na Ijumaa, ngano ya thelathini na tisa ilipokwisha, zilikuwa zimepita shubiri, nyeusi, zenye mapete, zimepinda kidogo kwa nyuma. Evodius alizipima kwa futi ya fundi cherehani: ya kushoto sentimita ishirini na mbili, ya kulia ishirini na moja. Akapiga picha mbili, moja ya mbele na moja ya ubavuni, kwa ajili ya kiambatisho.

"Zinauma?" aliuliza.

"Zinavuta shingo."

"Pole sana, bibi," alisema, na kweli alimwonea huruma. Alimwachia mche wa sabuni na kilo mbili za sukari, akampa mkono, akateremka haraka kuwahi gari.

Litumbi walizipokea pembe kama walivyopokea mambo mengine. Jirani yake Dorotea alipita kuomba chumvi.

"Ulisimulia mchana?"

"Nilisimulia."

"Basi," alisema Dorotea, akachukua chumvi yake akaenda.

Mganga wa zahanati aliandika kwenye rejista "pembe, mbili", akampa panadol za shingo, akamwambia arudi ikitokea ya tatu. Katekista Kipriani alimwomba ahamie benchi la mwisho, kwa kuwa waliokaa nyuma yake hawaioni altare, na wakati wa kupiga magoti aangalie asimtoboe mtu. Mafundi walikata udongo juu ya mlango wake ili akiinama apite. Kanga alizitoboa matundu mawili mawili, kwanza kwa uchungu, maana zilikuwa mpya, baadaye bila hata kuzitazama.

Hayo yote yalizoeleka. Lililokataa kuzoeleka ni ndoo. Kisima cha Litumbi kiko chini ya mlima, na kupanda kutoka huko ni saa nzima. Maji yanapanda yakiwa kichwani, hakuna namna nyingine iliyowahi kupatikana, na kichwa chenye pembe hakikai ngata. Auleria alijaribu kubeba mkononi akafika na nusu ndoo na kiwiko kilichovimba. Wiki ya pili Prisca, mtoto wa miaka minane, akaanza kuteremka na kindoo cha lita kumi kabla ya shule. Darasani aliingia kipindi cha pili. Mwalimu Jofrey alimchapa viboko viwili vya kuchelewa, kila siku, kwa kuwa ndiyo sheria. Sababu ya kuchelewa aliijua vizuri, alikuwepo pembe zilipoota.

"Kitabu kitakuja," Auleria alimwambia mjukuu wake, akimpaka mafuta penye alama za fimbo. "Kitakuwa na jina la Makrina mbele. Utasoma wewe na wenzako wote."

Kitabu kilichukua miaka minne. Kilikuja Julai mwaka 2003 pamoja na mgeni rasmi, viti vya plastiki na sherehe kwenye uwanja wa shule. Auleria alikalishwa mbele, pembeni kidogo ili asizibe picha. Mti mmoja wa kufungia kamba ya mapambo ulipungua, basi kamba ikafungwa kwenye pembe yake ya kushoto, akaombwa asigeukegeuke. Mgeni rasmi alifungua kitabu ukurasa wa sita, akasoma kwa sauti nzuri: "Zamani, wenyeji wa milima hii waliamini kwamba mtu akisimulia ngano mchana huota pembe." Watu walicheka, na mgeni rasmi akacheka pia. Auleria hakucheka, kamba ingetikisika.

Alipofunguliwa alikiomba kitabu, akampa Prisca, ambaye sasa alikuwa darasa la tano na anasoma bila kukwama.

"Nitafutie Makrina."

Prisca alitafuta. Juu ya jalada palikuwa na jina la Evodius, mkusanyaji. Ndani palikuwa na shukrani kwa watu kumi na saba, wote wa maofisini, na kwa "bibi kizee mmoja wa milimani". Kimwera hakikuwepo, si ukurasa wa kushoto wala wa kulia.

"Labda wamemweka nyuma," alisema Auleria.

Nyuma palikuwa na anwani ya sanduku la posta la mpiga chapa.

Alimfuata Evodius kwenye gari. Evodius alikuwa amenenepa na ameshapata uhamisho, lakini alimkumbuka, akaulizia hali ya pembe zake. Kuhusu Makrina alisema kurasa hazikutosha. Kuhusu Kimwera alisema ni suala la bajeti, labda toleo la pili.

"Na kaseti?" Auleria aliuliza. "Mle Kimwera kimo."

"Zilitumika tena, bibi. Tulirekodia semina."

"Semina ya nini?"

"Ya uhifadhi," alisema Evodius, akapanda gari.

Boksi zima la vitabu halikuja. Shule ilibakiwa na kitabu kimoja, na Mwalimu Jofrey, ambaye alikuwa amekwisha kuwa mwalimu mkuu, alikifungia kabatini. Alikitoa kwa kipindi cha Kiswahili cha darasa la tano, saa nne asubuhi, na wanafunzi wakakisoma kwa zamu, kwa sauti, mmoja anaishia pale mwenzake anapoanzia. Prisca alipolisimulia hilo nyumbani, Auleria hakungoja kesho. Alivaa kandambili, akateremka shuleni.

"Mwalimu, unawasimulisha watoto mchana. Wataota pembe."

"Hilo nimelifikiria, bibi," alisema Mwalimu Jofrey. "Wazazi wameshatia sahihi."

"Wasome jioni."

"Ratiba haina jioni."

Alirudi kwake na hofu tupu. Kuanzia siku hiyo, kila jua likizama, alimkalisha Prisca kati ya magoti yake, akampapasa kichwa chote kwa vidole vyenye mafuta. Mtoto mwenye pembe hataolewa upesi, na hatabeba maji, na baada yake hapakuwa na mwingine wa kuyabeba. Wiki ya kwanza hakukuta kitu. Ya pili hakukuta kitu. Wiki ya tatu lazima lisemwe lililo kweli: Auleria aliendelea kupapasa, lakini hofu ilikuwa imekwisha kugeuka. Alikuwa anatafuta. Alirudia mahali palepale juu ya paji mara tatu, mara nne, akikibonyeza kila kinundu cha jasho, mpaka Prisca akasema bibi unaniumiza.

Kufikia Septemba ngano zote thelathini na tisa zilikuwa zimesomwa, wanafunzi hamsini na wawili, saa nne asubuhi, madirisha wazi na jua linawaka. Hakuna aliyeota hata kipele. Wazazi walifarijika, na Jumapili Katekista Kipriani akaongoza sala ya shukrani. Auleria, kwenye benchi la mwisho, hakuitikia amina. Yeye aliujua uzito wa ngano za Makrina, alikuwa anaubeba juu ya shingo yake miaka minne. Zile zilizosomwa mchana kweupe zisimfanye mtu lolote hazikuwa za Makrina. Kilichoingia kitabuni kilikuwa makapi, na ngano zenyewe zilikuwa bado kwake, na kwake ndiko zitakakozikwa. Alilia palepale kanisani, kwa sauti, na waliokuwa mbele yake walisogea kidogo ili akiinama zisiwaguse.

Jioni ile alichoma mihogo. Jua lilipokwisha kabisa nyuma ya mlima alimwita mjukuu wake.

"Kaa hapa. Nikusimulie ya mwanamke aliyeolewa na mlima."

"Hiyo nimeshaisoma, bibi," alisema Prisca. Hakusema kwa ubaya, alikuwa na kazi ya shule ya kumaliza na koroboi lilikuwa na mafuta kidogo. "Mlima unamrudisha kwao. Ukurasa wa kumi na saba."

"Na wimbo wake?"

"Wimbo haupo. Pameandikwa, hapa bibi aliimba."

"Nikuimbie?"

Prisca alifikiri. "Unatoka kwenye mtihani?"

Auleria alisema hautoki. Mtoto akachukua muhogo, akarudi kwenye daftari lake.

Asubuhi Prisca alipanda kutoka kisimani na ndoo ya lita ishirini, mikono yote miwili ameiachia, anatembea bila kuangalia chini. Kichwa chake kilikuwa laini kila mahali na ngata ilikaa vizuri. Auleria aliinamisha shingo akapita mlangoni, akaenda kumtua. Maji yalikuwa yamejaa mpaka ukingoni, hakuna hata tone lililomwagika.