Orodha ya Wafu Wazito

Tangu halmashauri itangaze kwamba ukuta wa makaburi utasogezwa ndani, na kwamba yaliyo njiani yatahamishwa isipokuwa ya watu mashuhuri, mimi mtunza makaburi sina raha. Kila asubuhi nakuta foleni kwenye kibanda changu. Watu ambao hawajang'oa hata jani kaburini kwa miaka kumi, leo wamekumbuka kwamba marehemu wao alikuwa mtu mzito! Jamaa mmoja kang'ang'ania eti babu yake ndiye wa kwanza kuwa na friji mtaani.

"Sasa hiyo nayo ni sifa?" nikamuuliza.

"Kwani barafu mlikuwa mnanunua kwa nani?"

Afisa wa halmashauri, kijana wa tai na kalamu mbili mfukoni, akachungulia daftari langu la mazishi, akaona "mfanyabiashara", akamwandika. Akamwandika na mchezaji aliyefunga bao moja maisha yake yote. Nilichoka mpaka kichwa kikaniuma.

Nilivumilia kwa sababu ya mama yetu. Amelala palepale ukuta utakapopita, na yeye ndiye aliyezalisha wanawake wa mtaa huu kwa miaka arobaini, mvua inyeshe jua liwake, bila kupewa hata cheti. Siku ya kumwandikisha, dada yangu mkubwa alifunga genge lake la mboga, aje asikie kwa masikio yake.

"Mkunga," nikamwambia afisa. "Tena andika kwa herufi kubwa."

"Mzee wangu, mimi nafuata daftari lako tu, kama kwa wengine."

Akafunua, akateremsha kidole, akasita. Akanigeuzia ukurasa. Kwenye safu ya kazi kulikuwa na neno moja: Hana.

Dada akawaka. "Hana kazi? Mikono ile? Mpumbavu gani kaandika hivi? Nitajieni, leo atanitambua!"

Mwandiko niliujua. Siku ile ya msiba nilijaza ukurasa harakaharaka, na kwangu kazi ilikuwa ile yenye mshahara. Sikujiuliza mara mbili.

"Ni mimi, dada."

Akanitazama, kisha akamgeukia afisa.

"Basi andika," akasema taratibu, "kwamba aliacha mtoto mmoja tu."