Ulimi wa Abu Sattuf

Mimi ni mtu wa sakafuni. Kwenye viwanda vya sabuni hapa Halabu, walio chini hupika. Sisi wa juu hutandaza karatasi sakafuni, juu yake ikamwagwa sabuni ingali uji, ikiganda tunaikata. Wa chini wanatuona si kitu. Mpishi wetu mkuu, Abu Sattuf, alimnyima mwanangu Bakri binti yake, tena mbele za watu: "Binti wa mpishi haolewi na watembeza visu!" Tangu siku ile salamu zikakatika.

Lakini kwa upishi, lo, sikuwa na la kumsema. Mafuta ya zeituni na magadi huchemka siku kadhaa. Kidogo kidogo yanaacha kuwa mafuta, na bado hayajawa sabuni, na magadi yanaunguza kwelikweli. Kinachoamua kuwa imeiva ni ulimi wa mpishi. Ukichomwa, moto unaendelea. Usipochomwa, anapaza sauti, "Mwageni!" Akikosea, sabuni ya msimu mzima inachubua watu ngozi na yeye hapiki tena mjini humu.

Msimu ule alirudi kazini akitoka kuugua homa kali. Akaonja, akatikisa kichwa kukubali. "Mwageni!"

Nina tabia mbaya: kila akionja, nami naramba mabaki ya mwikoni, namtafutia kosa. Siku hiyo ulimi wangu ulishika moto. Nikamtazama usoni. Hakupepesa hata ukope. Homa ilikuwa imemwibia ulimi, na mwenyewe anaficha.

Nilifurahi, wallahi. Nikapanda ngazi nikicheka kimoyomoyo: leo utatukoma, mzee. Kufika juu, vijana wameshika bomba la kumwagia sabuni, wananisubiri. Nikaikumbuka sauti yake ilivyotetemeka alipotoa amri, na raha yote ikaniishia. Nikaburuta viatu vyangu vya mbao juu ya karatasi, zikachanika toka ukutani hadi mlangoni.

"Ebo! Umelewa?" Abu Sattuf alikuwa amepanda kuja kuangalia. "Kiatu cha punda! Karatasi zinakushinda, mwanao ndiye angemweza mke?"

"Tutatandika upya," nikasema. "Moto wa chungu usizimwe."

"Nani kakuuliza habari za chungu?"

Nikainama kukusanya vipande. Akaziangalia karatasi, akaniangalia mimi. Karatasi hazijawahi kuchanika mikononi mwangu, na yeye analijua hilo. Akashuka bila kutukana tena.

Tulitandika polepole, nikiwakemea vijana kila walipoharakisha. Tulipomaliza, Abu Sattuf akapanda tena, mwiko mkononi, sabuni kidogo nchani. Haji Anis, mwenye kiwanda, alikuwa nyuma yake. Nilidhani kaja kunishtaki.

Akaninyooshea mwiko mdomoni, mbele ya wote.

"Onja, Abu Bakri."

"Onja mwenyewe, bwana. Wewe ndiye mpishi."

"Mimi sisikii kitu," akasema, kwa sauti ambayo hata wa chini waliisikia. "Tangu homa. Onja, ndugu yangu, usinitese."

Nikaonja. Magadi yalikuwa yamekwisha. Ilibaki harufu ya zeituni tu.

"Imeiva," nikasema.

Haji Anis akanitazama mimi, hakumtazama yeye. Abu Sattuf akauweka mwiko mkononi mwangu, akavua aproni, akashuka ngazi akishikilia ukuta. Nafasi ile niliitamani miaka yote, na nilipofumbua mdomo kusema "Mwageni", macho yangu yalikuwa bado ngazini.